Kamba ya Baisal

Siku Baisal alipotembea, Zuurakan alikuwa na unga mpaka viwikoni. Simu ilikuwa dirishani, maana katika nyumba ile mtandao ulishika dirishani tu, na ndani ya simu mkaza mwanawe, Begayim, alikuwa akizungumza kutoka Bishkek kwa sauti ya juu ili ashinde kelele za cherehani za wenzake. Mtoto alikuwa amesimama dede, kashikilia sanduku la matandiko. Akageuza shingo akiitafuta ile sauti. Akaliachia sanduku. Hatua moja, ya pili, akapepesuka, akatanua mikono, akaendelea. Hatua saba. Akafika dirishani, akaupiga ukuta kwa viganja vyote viwili, akacheka.

"Mama?" simu ikasema. "Mbona kimya? Mwanangu anafanya nini? Bado hajatembea?"

Zuurakan akamtazama mjukuu wake. Mjukuu naye akamtazama, meno manne yote nje.

"Bado," akasema. Kisha, kama mtu anayetia kiraka, "Bado kidogo."

Tuseme haki: Zuurakan hakuwa mwongo. Alikuwa mkali, alikuwa mbishi, na aliwahi kumtoa msoma mita ya umeme uani kwa ufagio, lakini uongo haukuwa tabia yake. Neno lilimponyoka kabla hajalipima. Na angeweza kulirekebisha palepale, simu ingali wazi, mtoto angali anacheka. Hakulirekebisha.

Sababu yenyewe haikuwa ya kujificha. Mumewe alifariki majira mawili ya baridi yaliyopita. Binti zake wawili waliolewa mbali. Talaibek, kitinda mimba, ndiye aliyepaswa kubaki kwenye nyumba ya baba yake na kuutunza moto wake, kama vitinda mimba wote wa Kirgizi tangu enzi, lakini alipata kazi mjini akaenda, na mkewe akapata kazi kwenye karakana ya kushona. Baisal aliletwa kijijini ana miezi mitano. Makubaliano yalikuwa mafupi: karibu na karakana kuna kituo cha kulea watoto, ila hawapokei asiyetembea. "Akitembea tu, mama, tunamkatia kamba, tunamchukua." Kwao husemwa mtoto huzaliwa miguu imefungwa kamba isiyoonekana; akianza kutembea hufungwa kamba ya kweli, watu wakashindana mbio, na mshindi akaikata.

Akitembea tu. Basi Zuurakan akaamua, bila kujiambia kwamba ameamua, kuwa Baisal hatembei.

Jamani, mjaribu kumficha mtoto anayetembea! Kuanzia siku ile mama wa watu hakukaa akatulia. Asubuhi anakanda unga sikio likiwa mlangoni. Mbwa akibweka, anaruka. Geti likilia, anamnyakua mtoto katikati ya chumba na kumkalisha mapajani kama mzigo wa sufu. Nje hakumshusha chini hata kidogo: alimfunga mgongoni, akachota maji naye, akavuna viazi naye, akakamua ng'ombe naye, huku mtoto akimpiga mateke ya figo kwa hasira ya mtu aliyegundua kwamba ana miguu na ananyimwa kuitumia.

Alasiri tu ndipo alipomwachia. Alikomea mlango, akavuta pazia, akakaa kwenye zulia, na Baisal akaenda tata kutoka ukuta huu hadi ule, akirudi, akianguka, akiinuka, ananguruma kama trekta. Na bibi alimpigia makofi. Alipiga makofi ambayo viganja havikugusana, ili majirani wasisikie.

Kalipa ndiye aliyekuwa hatari kuliko wote. Kalipa alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mnene, mcheshi, na kubisha hodi aliona ni kupoteza muda.

"Dada Zuurakan, mbona unahema?" aliuliza siku moja, kashaingia, kashakaa, kashajimiminia chai.

"Uzee."

"Uzee gani wa kutokwa jasho umekaa? Na huyu mheshimiwa wa mapajani, bado tu? Mwaka na miezi miwili sasa! Wangu wa tatu alitembea ana miezi tisa."

"Wako wa tatu alikuwa anakukimbia wewe."

Kalipa akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. Halafu akamfinya Baisal shavu. "Wewe bwana fanya kazi yako. Kazi ya mtoto ni kuanguka, kazi ya mama yake ni kumfukuzia. Mimi na bibi yako yetu imebaki kukaa kizingitini tukilinganisha magoti, nani linamuuma zaidi."

"Yangu mimi haijaisha," Zuurakan akasema.

"Nani kakwambia?"

"Nimejiambia mwenyewe."

Alisema kwa ukali kuliko ilivyohitajika, na Kalipa akamtazama kidogo juu ya kikombe. Mzaha ule ulimchoma. Zuurakan alizijua kazi zote za umri wote, na alikuwa amezifanya mara tatu. Mtoto akitimiza siku arobaini anaogeshwa kwa vijiko arobaini vya maji. Kisha anafungwa kwenye kitanda cha kubembea. Kisha jino la kwanza, kisha kamba inakatwa, kisha shule, kisha unamwoza binti huku unalia, unamwozesha mwana huku unacheka. Na baadaye? Miaka sitini na mitatu, mikono bado ina nguvu, unaambiwa pumzika, mama. Unapumzika na nani? Na kuta? Aliiogopa nyumba ile ikiwa kimya. Aliiogopa hasa, kama watu wanavyoogopa ugonjwa.

Lakini uongo nao unakula. Begayim alikuwa akipiga simu mara moja kwa wiki; sasa akawa anapiga kila siku. Mtoto wa mwenzake wa karakana alitembea. Mtoto wa mwenye nyumba, mdogo kwa Baisal, alitembea. Akaanza kuulizia madaktari. Siku moja, mwishoni mwa Septemba, sauti yake ilishuka mpaka Zuurakan akalazimika kubandika sikio kwenye simu pale dirishani.

"Mama, nikuulize, lakini usinifiche. Ni kosa langu? Nilishona mpaka wiki ya mwisho. Tumbo lilikuwa linabanwa na meza, siku nzima, kila siku. Huenda nilimwumiza miguu humo humo ndani."

"Acha upuuzi wako," Zuurakan akasema, na akakata simu.

Tangu siku hiyo chai ikawa haimshuki vizuri. Alijiapiza kwamba Jumapili atasema. Jumapili ikaja na mvua, akasema mvua ikikatika. Mvua ikakatika, akasema viazi viishe kuingia stoo. Stoo ikajaa. Baisal, kwa upande wake, alikuwa sasa anakimbia.

Walikuja Jumamosi mchana, bila taarifa, kwenye gari la kuazima. Zuurakan aliisikia injini ikizima getini, akamdaka mjukuu wake akiwa amebakiza hatua mbili kuufikia mlango. Begayim aliingia amekonda, macho yamezama. Akainama kumwamkia mkwewe kwa adabu, mikono kifuani, kisha akamchukua mtoto na kumnusa shingo muda mrefu. Baisal alimshangaa, halafu akamshika hereni.

"Jumatatu tuna daktari wa mifupa," Talaibek akasema akivua viatu. "Watampiga picha miguu yote miwili na nyonga. Wanasema ikichelewa, itabidi afungwe vyuma."

"Vyuma gani?" Zuurakan akauliza.

"Vya miguu, mama."

Kalipa, ambaye tayari alikuwa ndani, akapiga paja. "Daktari! Mtoto hajakatwa kamba, mnampeleka kwa daktari? Atatembeaje na bado amefungwa? Ninyi watu wa mjini! Kesho asubuhi tunamkatia, akishindwa hapo ndiyo mkampige hizo picha."

Begayim akamwangalia mumewe, mumewe akamwangalia mama yake, mama yake akaangalia zulia. Ikakubaliwa. Kalipa akatoka mbio kutangaza mbio.

Baisal alipolala usingizi wa mchana, Zuurakan alikwenda bombani. Aliporudi na ndoo alisimama kwenye ukumbi mdogo wa jikoni, kwa sababu mlango ulikuwa nusu wazi na kulikuwa na harufu ya mafuta ya mkia wa kondoo yanayopashwa moto. Begayim alikuwa amepiga magoti kando ya mtoto. Alikuwa akimkanda miguu, kutoka paja hadi kisigino, polepole, na akimwongelesha usingizini.

"Nisamehe, mwanangu. Mimi ndiye niliyekukunja kwenye ile meza. Nisamehe. Ukishindwa kutembea nitakubeba, usiogope, nitakubeba mpaka ukiwa mkubwa."

Zuurakan alisimama pale mpaka mshikio wa ndoo ukamchimba vidole. Hii hakuwa ameifikiria. Katika majuma yote saba alikuwa ameona watu wawili tu, yeye na mtoto, na mlango uliokomewa. Akafungua kinywa aseme. Talaibek akaingia kwa kishindo kutoka uani, akiuliza kisu cha marehemu baba kiko wapi, maana lazima kamba ikatwe kwa kisu cha nyumbani. Zuurakan akafunga kinywa. Akaenda kutafuta kisu.

Jioni ile yote alimbeba Baisal mgongoni. "Anatoa jino," alisema. "Akitoa jino hataki chini." Mtoto akalia, akapiga mateke, na Begayim, kwa kuwa mkaza mwana hamnyang'anyi mkwewe kitu mkononi, akakaa akiwatazama tu.

Asubuhi uwanja wa nyuma ya nyumba ulikuwa umejaa. Ukungu wa baridi ulikuwa bado kwenye majani, vilele vya milima vimeshapata theluji mpya, na kwenye sufuria kubwa maandazi ya boorsok yalikuwa yakielea kwenye mafuta. Zulia jeupe lilitandikwa mwisho wa uwanja. Zuurakan alimkalisha Baisal juu yake na kumfunga miguu kwa kamba aliyoisokota mwenyewe, uzi mweusi na uzi mweupe, umbo la namba nane. Aliikaza kupita kiasi. Mtoto akamtazama kwa mshangao, na bibi hakuweza kumtazama machoni.

Watoto wakakimbia kwanza, wakapewa peremende. Wanaume wakafuata, wawili wakaanguka, wakachekwa. Kijijini kwao mbio za mwisho ndizo za kukata kamba, nazo ni za wanawake: anayefika wa kwanza ndiye anayekata, na mtoto hurithi mwendo wake maisha yote. Wakapanga mstari kwenye ua wa mbali, hatua themanini: mwalimu wa hesabu mwenye miguu mirefu, wake wawili wachanga wa mtaa wa juu, na Kalipa, aliyekuja kwa ajili ya kuchekesha.

Zuurakan akaenda akasimama kando yao.

"Dada!" Kalipa akapiga kelele. "Unataka mtoto achechemee?"

"Sogea, unanibana."

Watu wakacheka, wengine wakapiga miluzi. Alikuwa na hesabu yake kichwani, tena ya ujanja, nisiwafiche: kamba aliifunga yeye, akiikata yeye, mtoto atatembea, daktari atasahauliwa, na uongo utakufa palepale kwenye majani bila mtu kuujua. Kilichobaki kingekuwa ni kuagana tu. Alivua viatu vyake vya mpira akabaki na soksi za sufu.

Wakaachiliwa. Zuurakan alikimbia kama anavyokimbia mtu aliyeona ng'ombe kwenye bustani yake, kitambaa kimemtoka kichwani, sketi kaishika kwa mikono miwili. Wale wake wachanga wangeweza kumpita wakiwa wamelala, lakini ni nani atakayeolewa kijiji kile halafu akatize mbele ya mkwe wa watu? Wakapunguza. Mwalimu akawatazama, naye akapunguza. Kalipa alishasimama zamani, kashika mbavu.

Baisal alimwona bibi yake akija. Akasimama. Hakushikwa na mtu, hakusaidiwa. Aliinuka peke yake kwenye zulia na kunyoosha mikono. Akataka kwenda kumpokea, akatupa mguu, kamba ikamzuia, akaanguka kifudifudi. Begayim akapiga yowe. Mtoto akalia, pua imejaa damu, akajaribu kuinuka tena, na kamba ikamwangusha tena.

Zuurakan alifika akapiga magoti. Kisu kilikuwa kwenye sinia. Fundo lilikuwa gumu, na ilimbidi akate mara tatu.

Baisal akainuka, akafuta pua kwa mkono, akaondoka. Hakwenda tata. Alitembea moja kwa moja hadi mezani, akazunguka mguu wa meza, akachukua andazi, akalila, akakimbilia mbwa.

Uwanja mzima ukalipuka. Wazee walinyoosha viganja kumshukuru Mungu. Mtu alisema haijawahi kutokea. Mwingine akasema ni mkono wa Zuurakan, mkono wa baraka, na wanawake wakaanza kuwasogeza watoto wao ili awaguse. Talaibek alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Na Begayim akaja kwa magoti juu ya majani yenye baridi, akaushika ule mkono wenye kisu, akaubusu, akaubandika usoni.

"Mama, umemponya. Umemponya mwanangu. Nitakulipa nini mimi?"

Hapo ndipo Zuurakan aliposhindwa. Angeachwa na uongo wake angekufa nao, labda; lakini kubusiwa mkono kwa ajili yake, hapana.

"Inuka," alisema. "Inuka, usinibusu. Alikuwa anatembea."

"Nini, mama?"

"Alitembea kabla viazi havijavunwa. Majuma saba. Nilimfungia mlango nikamficha. Hana ugonjwa, hujamkunja, meza haikumfanya kitu. Ni mimi."

Wale waliokuwa karibu wakasikia, na walio mbali wakauliza amesema nini. Kalipa akaziba mdomo kwa kiganja. Pengine ni mara ya kwanza katika maisha yake. Talaibek akasema, "Mama," mara moja tu, kwa sauti ya mtoto.

Begayim aliinuka. Alikuwa mweupe kama lile zulia. "Nilikuwa nalia chooni," akasema. "Kila siku. Nilikuwa naenda kulia chooni ili wenzangu wasinione. Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Hakutukana. Ingekuwa nafuu angetukana. Akaenda akamchukua mtoto, akaingia ndani, akaanza kufunga nguo zake.

Kabla ya adhuhuri gari lilikuwa tayari. Watu walishaondoka na maandazi yao kwenye mifuko, na Kalipa alikuwa amekaa juu ya ukuta. Zuurakan alileta mtungi wa siagi na soksi tatu alizokuwa amefuma, akaviweka kwenye kiti cha nyuma. Talaibek akamkumbatia upande upande, haraka, na kuwasha injini. Baisal alimwona bibi, akanyoosha mikono kutoka kifuani kwa mama yake, akaanza kulia. Begayim akampa ambebe, basi, kwa kuagana, na akageuza uso.

Lakini hakuingia garini. Alisimama, mkono juu ya mlango.

"Siku ile," akasema bila kumtazama. "Hatua ya kwanza. Alikuwa anakwenda wapi?"

Zuurakan angeweza kusema jikoni. Angeweza kusema kwangu, na hakuna mtu duniani angembishia.

"Kwenye simu," akasema. "Ulikuwa unaongea. Alisikia sauti yako, akaachia sanduku, akaja dirishani. Hatua saba. Ulikuwa unaniuliza kama bado."

Begayim akakaa chini kando ya mlango wa gari, pale pale kwenye changarawe, akajifunika uso. Talaibek akazima injini. Mbwa alikuwa akilamba sinia. Kisha Begayim akaondoa mikono usoni, akapangusa macho kwa ukingo wa kitambaa, akapiga magoti vizuri, akatanua mikono.

"Mwachie, mama," akasema. "Na mimi nimwone."

Zuurakan akamshusha Baisal chini. Alimshika makwapani, kama alivyowashika watatu waliotangulia, akahisi mbavu zake ndogo zikipanda na kushuka. Halafu akaachia mikono. Mtoto akaondoka, na Begayim akamwita kwa jina, ile sauti ya dirishani, safari hii bila cherehani. Hatua moja, mbili, tatu. Katikati akasimama. Akageuka, akamtazama bibi yake, akanyoosha mkono mmoja.

Zuurakan alimtaka kwa roho yake yote. Akaipeleka mikono nyuma ya mgongo, pale alipokuwa akimbebea, akaishika moja kwa nyingine, akaikaza.

"Nenda," akamwambia.